Bwana Harusi Kambale

Kuna adabu moja ya kitongoji chetu ambayo mtoto wa miaka minne anaijua, na Paryadi hakuijua mpaka alipofika ishirini na saba. Ukipita mbele ya nyumba ya mtu, mwenye nyumba atasema, "Karibu, pita unywe chai." Nawe utajibu, "Ahsante, nitapita," huku unaendelea na safari yako wala hupunguzi mwendo. Mazungumzo yameisha. Chai haipo, haijainjikwa, na hakuna aliyekusudia iinjikwe. Sasa Paryadi ni mtu asiyesema uongo, si kwa uchamungu bali kwa sababu uongo unamchosha kuukumbuka. Siku moja akakaa akahesabu, akaona ameahidi kupita katika nyumba kumi na moja na hajatimiza ahadi hata moja. Akaona haya. Akaoga, akachana nywele, akazipita zote kumi na moja mchana huo huo, kuanzia ile ya darajani hadi ya mwisho penye mianzi.

Wenye nyumba walihangaika. Mmoja alikimbilia kuazima sukari kwa jirani, na jirani naye ndiye aliyefuata kupitiwa, sukari hana tena. Paryadi alikunywa glasi kumi na moja, na kila alipoulizwa kwa adabu, "Chai ikoje?" alijibu ikoje. Huyu maji yake yameingia moshi wa kuni mbichi. Yule birika lake limechemshiwa mayai asubuhi. Wa tatu ana panya aliyekufa nyuma ya kabati. Hilo halikuhusu chai, lakini aliona si uungwana kunyamaza. Panya alitafutwa akapatikana, na bado mwenye nyumba hakumsemesha mwezi mzima.

Tangu hapo, sisi watu wa Sumberjo tukimwona barabarani hatusemi "karibu" hata kidogo. Tunasema, "Unapita, Par?" Naye anajibu, "Napita," na kila mtu anashusha pumzi.

Leo ana miaka arobaini na moja. Anaishi na mama yake, Bi Tumirah, na ana kibanda cha majani ya chai sokoni. Anachanganya aina tatu, moja ya rangi, moja ya uchungu, moja iliyokaushwa na asumini, na kila mteja ana mchanganyiko wake ambao Paryadi haukosei. Sura za watu ndizo zinazompotea. Aliwahi kumpa pole mwanamke kwa msiba wa mume wa mtu mwingine, kwa sababu wanawake hao wawili wanakunywa chai ya aina moja.

"Wenzangu wameumbwa na mlango," husema akiamua kujicheka, na huamua mara nyingi. "Mimi nimeumbwa na pazia." Kila kitu kinaingia. Lebo ya shati inamkwaruza shingoni mpaka anasahau jina lake. Jokofu la nyumba ya tatu likibadilisha mvumo, anajua. Bamia hali, kwa sababu anasema bamia inamjibu mdomoni. Na manukato ya watu ndiyo usiseme. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Hawakumjua Paryadi, ambaye kwake ubani wenyewe ndio uliovunda.

Ndiyo maana kwenye shughuli za kitongoji amepewa kazi ya chai. Harusi zetu zina maspika marefu kuliko mlango, na anayekodisha maspika hayo, Gandung, haamini kuwa harusi imefana mpaka vigae vitikisike. Basi Paryadi hukaa nyuma ya nyumba, jikoni kwa nje, pamba masikioni, anapika chai nzito, tamu, ya moto, mpaka watu wa vitongoji vitatu wanakuja kwenye harusi ambazo hawakualikwa. Amehudumia harusi sitini na zaidi. Hajamwona bibi harusi hata mmoja.

Miaka mitatu iliyopita alitoka mbio kwenye foleni ya ofisi fulani mjini kwa sababu ya taa iliyokuwa inavuma, akamwacha nyuma Wening, binti wa marehemu kaka yake, na makaratasi yote mkononi. Wening hakumgombeza. Alimpeleka kwa daktari. Daktari alikuwa mwanamke kijana, akazungumza naye saa nzima, na Paryadi alipoomba taa izimwe aliizima, wakazungumza gizagiza. Mwisho akamwambia hii inaitwa usonji, amezaliwa nayo, si wazimu wala si laana. Paryadi mpaka leo anaamini huyo ndiye daktari bora katika Java nzima, hasa kwa ile taa.

Alimpelekea mama yake habari. Bi Tumirah alikuwa anachambua mchele, na hakuacha.

"Usonji ndiyo nini? Baba yako alihama chumba miezi miwili kwa sababu ya mjusi wa darini aliyekuwa analia mara saba badala ya nane. Hatukumpeleka kwa daktari. Tulimtoa mjusi."

"Kwa hiyo, Mama, mimi si mpumbavu?"

"Upumbavu unao," alisema mama yake. "Ila sasa una cheti."

Paryadi alicheka mpaka akakaa chini. Cheti alikitia kwenye kopo la chai lenye mfuniko mzuri, na usiku huo alilala usingizi mzito wa mtu aliyeambiwa mzigo aliobeba maisha yake yote ulikuwa na uzito kweli.

Hayo yote nimeyasema ili uelewe Paryadi alivyopatwa na butwaa Wening alipoposwa.

Mchumba alikuwa Danu, kijana wa mji wa Solo, fundi wa miwani, mpole, mwenye sauti ya chini ambayo Paryadi aliipenda mara moja. Tatizo halikuwa Danu. Tatizo lilikuwa sheria. Baba yake Wening, Warsito, alifariki binti akiwa na miaka sita. Babu yake hayupo. Kaka hana. Ukihesabu kama sheria inavyohesabu, unafika kwa baba mdogo, na baba mdogo ni mmoja tu, yuko nyuma ya nyumba na pamba masikioni. Yeye ndiye walii. Yeye ndiye atakayekaa mezani mbele ya watu mia mbili, amshike mkono bwana harusi, apewe maikrofoni, na aseme maneno ya kuozesha kwa pumzi moja bila kukwama. Kwetu walii akikwama watu hawasemi amesahau. Wanasema moyo wake umekataa.

Upo mlango wa kutokea. Walii anaweza kumpa kadhi uwakala aozeshe kwa niaba yake, na wengi wanafanya hivyo. Shemeji yake Sumini, mama wa bibi harusi, alikuja kumwonyesha mlango huo, na sahani ya ndizi za kukaanga mkononi. Kwetu mtu halisemi jambo. Analizunguka mpaka wewe mwenyewe ulione na kulitaja. Sumini akaanza kuzunguka.

"Shemeji, Kadhi Jazuli ana sauti nzuri sana siku hizi."

"Nzuri," alikubali Paryadi. "Ila ana pengo juu kushoto. Neno likiwa na s, anapiga filimbi."

"Watu wengi wanamwachia yeye aozeshe. Mzee Kasno alimwachia."

"Mzee Kasno ana pumu."

"Uwalii ni kazi nzito, Shemeji. Na wewe una kazi zako. Chai atapika nani?"

"Hapo umenena," alisema Paryadi. "Nitamfundisha mtu."

Sumini akazitazama ndizi zake. "Wakwe wanatoka Solo. Watu wa Solo ni watu wa taratibu. Hawapendi vurugu."

"Hata mimi sipendi. Tutaelewana."

Sumini akaaga, amechoka kama aliyetwanga. Bi Tumirah, ambaye muda wote alikuwa nyuma ya pazia, akatoka akachukua ndizi.

"Una masikio ya popo, mwanangu, na huelewi unachosikia. Hataki uozeshe. Anaogopa utakimbia ukamwaibisha mtoto mbele ya wakwe."

Paryadi aliumia. Hakuumia kwa sababu Sumini alikuwa na makosa. Aliumia kwa sababu hakuwa nayo. Kwenye harusi ya binti wa Mzee Kasno, maikrofoni ilipopiga yowe, yeye alikimbia na birika mkononi akaingia banda la bata akajifungia. Baada ya Sumini kuondoka, mchana wote alichanganya chai vibaya, wateja watatu wakarudisha.

Jioni akamwendea Wening. Wening ni mwalimu wa watoto wadogo, na alikuwa barazani anakata samaki wa karatasi kwa ajili ya darasa.

"Mama yako anataka kadhi," Paryadi alisema kabla hajakaa. "Naona mama yako ana akili. Mtu wa jasho akinishika mkono natamani mkono uondoke niendelee bila huo. Maiki ikilia nakimbia. Ile ya Mzee Kasno niliingia kwa bata."

"Najua, Ba'mdogo. Mimi ndiye niliyekutoa kwa bata."

"Basi mwachie kadhi."

Wening alikata samaki mzima kabla ya kujibu. "Nilipokuwa mdogo kila mtu aliniambia baba yako alikuwa mtu mwema. Mwema, mwema, mwema. Sasa mtu mwema utamwonaje? Wewe ndiye uliyeniambia kandambili yake ya kushoto ilikuwa inaburuza. Kwamba alikohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango. Kwamba shati lake lilinuka chuma na ganda la chungwa. Nilikuuliza kila siku, na kila siku ulinijibu vile vile, hukuongeza hata neno. Baba niliye naye mimi ni yule uliyenipa wewe." Mkasi ukateleza, mkia wa samaki ukaanguka. "Kadhi Jazuli anajua nini kuhusu Warsito? Kama huwezi, Ba'mdogo, huwezi, na sitanuna. Lakini usinichagulie nimtake nani."

Paryadi alirudi nyumbani akijiambia maneno ambayo siwezi kuyaandika yote. Muoga wee. Mtu mzima unakimbizwa na jasho. Akaapa kwamba mtoto wa Warsito ataozeshwa na mdomo huu huu, hata kama mwili wote uliobaki utakataa. Harusi ilikuwa mwezi wa mfunguo tatu. Alikuwa na wiki sita.

Alipanga mazoezi, na hapa ndipo alipojipatia sifa ambayo kitongoji hakitaisahau.

Alianza na manukato. Ijumaa alimwendea muuza mafuta mazuri wa mlango wa msikiti akamwomba yale makali kuliko yote. Akauziwa kichupa kiitwacho Ua la Sultani, ambacho nadhani sultani mwenyewe alikitoa nyumbani kwake. Akachovya pamba, akaibana ndani ya kola, akakaa kuhesabu. Siku ya kwanza alifika kumi na mbili akaenda kutapika kwenye mpapai. Siku ya kumi alifika mia. Mpapai, kwa kumbukumbu, haukuzaa mwaka ule.

Kisha koti. Walii huvaa koti jeusi la heshima lenye kola ngumu ya kukaba. Paryadi alilifua mara kumi na nne. "Umelifua mpaka limesahau lilikuwa jipya," alisema mama yake.

Kisha maspika. Alikwenda ghalani kwa Gandung akaomba akae humo wakati mwenyewe anajaribu mitambo. Gandung alifurahi mno. Hakuna mtu aliyewahi kuomba. Alimwekea kiti katikati.

Lakini kilichomshinda ni mkono. Mkono wa bwana harusi unajulikana: baridi, majimaji, laini, unatetemeka. Angeupata wapi mkono wa namna hiyo kila siku? Alifikiri siku mbili, akapata jibu kwenye bwawa la Gandung lililo nyuma ya ghala. Kila alfajiri, kabla ya soko, Paryadi alipiga magoti ukingoni, akamkamata kambale mkubwa kuliko wenzake kwa mkono wa kulia, akamtazama usoni, akaanza:

"Nimekuozesha mwana wa ndugu yangu, Wening binti Warsito, kwa mahari ya msala na vazi la sala..."

Kambale aliponyoka kabla ya mahari kutimia. Kila siku. Paryadi alimtafuta tena yule yule, maana aliona si sawa kumwanzishia maneno mmoja akamalizia na mwingine.

Wiki ya tatu mama yake alipita na furushi la majani ya mbuzi akasimama.

"Paryadi. Unamwozesha nani?"

"Danu, Mama."

"Danu ana masharubu?"

Kufika adhuhuri habari ilikuwa sokoni. Kufika alasiri ilikuwa imevuka mto. Par amemwozesha Wening kwa kambale. Mahari ngapi? Konokono wawili. Kambale amekubali? Amekubali, ila anateleza. Wanawake walimpitia kibandani wakamwuliza kama wakwe wamezoea kuishi nchi kavu. Paryadi alicheka nao, na kusema kweli alichekesha kuliko wao. Alisema kambale ana sifa moja ambayo waume zao hawana, hakoromi. Lakini usiku alikuwa anajiuliza kama Sumini amesikia, na alijua amesikia.

Wening naye alisikia. Alianza kuja kila jioni, akikaa kwenye kizingiti, akimwuliza mambo madogo madogo.

"Ba'mdogo, kinachokukera kwenye mkono ni jasho au ulaini?"

"Ulaini. Mtu akikushika kinyonge ni kama mdudu anatembea. Akiminya hasa, afadhali."

"Na maiki?"

"Si sauti yake. Ule mvumo unaotangulia sauti."

"Na asumini? Si unauza chai ya asumini?"

"Ya chai imekauka, ni mgeni aliyekuja na mfuko mdogo. Mbichi kichwani kwa bibi harusi ni mgeni aliyekuja na mizigo, watoto na mbuzi."

Wening alicheka akaenda zake. Paryadi alidhani mtoto anapiga soga kuipunguza hofu ya harusi.

Siku ikafika. Paryadi aliamka na hesabu yake kichwani: Ua la Sultani anaweza kulivumilia mpaka mia tatu, kambale mpaka "mahari," maspika mpaka Gandung achoke. Akavaa koti. Hakutia pamba masikioni, maana walii mwenye pamba ni tusi. Akatoka barazani, akawaona watu: mia mbili, wamekaa chini ya turubai, wakwe wa Solo mbele, wamenyooka kama wamepigwa pasi. Sumini alikuwa pembeni, leso mdomoni, macho hayamtoki Paryadi.

Akaketi. Upande wake Kadhi Jazuli. Mbele yake Danu, na kando ya Danu yuko Wening, kichwa kimefunikwa asumini nyeupe zilizoshuka hadi kifuani. Danu akanyoosha mkono juu ya meza. Paryadi akabana meno, akavuta pumzi ndefu ya mtu anayejitosa, akaushika.

Mkono ulikuwa mkavu. Ulikuwa mkavu, mgumu, na ukamminya.

Akapepesuka ndani kwa ndani, kama mtu aliyeupiga bega mlango ambao haukufungwa. Akanusa. Hakuna kitu. Akanusa tena, safari hii waziwazi, pua ikapanuka mbele ya wakwe. Danu hakuwa na mafuta ya nywele, hakuwa na manukato, hakuwa hata na sabuni. Alikuwa ananuka mtu tu. Paryadi akaitafuta maikrofoni aiogope, mezani haikuwepo. Akainua macho, akamwona Gandung kule nyuma amesimama kando ya maspika yake yaliyozimwa, mikono kifuani, amenuna kama aliyefiwa. Akamtazama Wening. Zile asumini zote, misururu na misururu, hazikutoa harufu. Akazikazia macho. Zilikuwa za kitambaa. Kila ua lilikuwa limekatwa na kushonwa, na yeye anaujua mkono ulioshona, ndio ule unaokata samaki wa karatasi.

Bibi harusi wa kwetu bila asumini mbichi si jambo dogo. Bibi zake wote walivaa. Wanawake walikuwa wanaliona hilo tangu asubuhi na walikuwa wamenong'ona, na Wening aliwaacha wanong'one.

Paryadi alifungua mdomo. Maneno hayakuwepo.

Wiki sita alikuwa amejifunza kuyasema dhidi ya kitu fulani. Kila neno lilikuwa limeegemea kwenye uvundo, kwenye mvumo, kwenye kambale anayeponyoka, na sasa hakukuwa na kitu cha kuegemea. Alisikia turubai linapumua. Alisikia goti la mjomba mmoja wa Solo likitoa mlio. Alisikia hewa ikipita kwenye pengo la Kadhi Jazuli.

"Sema, walii," kadhi alisema, na s yake ikapiga filimbi.

Wakwe wakaacha kutabasamu. Mjomba wa Danu akainama kidogo mbele. "Kuna jambo, Bwana Walii? Kama kuna jambo, ni heri lisemwe sasa." Sumini alifumba macho. Wening hakusogea, ila Paryadi aliona lile ua la kitambaa lililo shingoni mwake likipandisha na kushusha upesi upesi, akajua kwamba mtoto anaogopa.

Lilisemwa basi. Paryadi hana uongo wa kujibia.

"Mbona hunuki?" alimwuliza Danu.

Danu alikuwa mwekundu mpaka masikioni, lakini mkono haukulegea.

"Nimeoga maji matupu siku tatu, Ba'mdogo. Wening alinielekeza." Akashusha sauti. "Niminye zaidi?"

"Kidogo."

Danu akaminya.

"Kambale alikuwa ananuka zaidi," alisema Bi Tumirah kutoka mstari wa pili, bila kumlenga mtu, na turubai lote likaangua kicheko, na mjomba wa Solo, ambaye bila shaka naye alikwisha kusikia habari za kambale, akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba.

Kicheko kilipotulia maneno yalikuwa yamerudi, yamekaa kwa mpangilio. Paryadi aliyasema kwa sauti yake ya kawaida, bila mtambo, kwa pumzi moja.

"Danu bin Subekti, nimekuozesha mwana wa ndugu yangu, Wening binti Warsito, kwa mahari ya msala na vazi la sala, taslimu."

Alipolitaja jina la kaka yake aliisikia ile kandambili ya kushoto ikiburuza, wazi kabisa, kama mtu anayepita barazani. Hakutazama. Aliendelea kushika mkono.

"Nimekubali kumwoa Wening binti Warsito kwa mahari hayo, taslimu," alijibu Danu, naye hakukwama.

Kadhi Jazuli akawageukia mashahidi na watu. "Sahihi?"

Hapo ndipo Paryadi alipoinua mabega na kukaza shingo, maana alilijua hili. Kule jikoni amelisikia mara sitini, ule mlipuko, watu wote kwa pamoja wanapiga ukelele wa "Sahihi!" mpaka glasi zinagongana kwenye sinia. Pamba hana. Akafumba macho akangoja kupigwa.

Watu mia mbili wakanong'ona.

"Sahihi."

Wazee, watoto, wale waliomwuliza habari za mahari ya konokono, yule wa panya nyuma ya kabati, wakwe wa Solo na taratibu zao, Gandung na manung'uniko yake. Wote kwa mnong'ono mmoja, kama mchele unavyomiminwa kwenye ungo. Walikuwa wamefundishwa. Nyumba kwa nyumba, Wening alikuwa amepita kuwaomba, na safari hii kila aliyemwambia "karibu" alimwona ameingia kweli.

Paryadi alifumbua macho. Alikuwa analia, na hakujali kola. Maisha yake yote alijibana ili watu wapite, na hakuwahi kufikiri kwamba watu nao wanaweza kujibana. Furaha ilimjaa mpaka ikakosa pa kukaa, na kwa kuwa hana mlango, ikatoka yote.

"SAHIHI!" alipiga ukelele.

Walii hatakiwi hata kulijibu neno hilo. Bata wa Mzee Kasno, jirani, walilipuka kule bandani. Kadhi aliangusha kalamu. Wening alikuwa anacheka na kulia, maua ya kitambaa yanamdondoka mabegani, na kwenye mstari wa nne mtoto mchanga aliyekuwa amelala kwenye ukimya wote ule akaamka akaanza kulia. Paryadi akasimama, akamwomba radhi mama wa mtoto, kisha akainama akamwomba radhi na mtoto mwenyewe.